Kabati la alumini na vioo la kuagiza kwa fundi: nimewaweka askari wangu wa risasi humo, nalipa nyota nne

Wadau, leo naongelea kabati. Sio la nguo wala la vyombo, ni kabati la kuwaonyeshea askari wa kuchezea waliopakwa rangi, wale wadogo wa milimita 54 kwenda juu, wa zamani waliotengenezwa kwa risasi, yaani ile metali laini nzito (lead), na nitalipima kwa jambo moja tu, rangi inabaki vile ilivyotoka kwa mpakaji au inaanza kupauka, kubanduka na kutoa unga mweupe? Uzuri wa kabati sebuleni sio habari ya leo. Na kabati lenyewe sio la kiwandani, ni la kuagiza kwa fundi alumini, hawahawa wanaotengeneza madirisha na milango na makabati ya kuuzia simu na miwani, Dar kila mtaa wapo. Ninachokisifia hapa ni aina hiyo ya kabati likitengenezwa kwa masharti, maana bila masharti linaweza likawa baya kuliko hata droo ya kitanda.

Langu lina mita moja na nusu kwenda juu, sentimita 80 upana na 30 kwenda ndani. Fremu ni alumini nyeupe, ile rangi ya unga inayochomwa kiwandani, sio ya kupiga brashi. Pembeni vioo vya milimita 5, shelfu vioo vya milimita 6, mlango wa bawaba na sio wa kuslaidi, umezungushiwa raba ile ya madirisha, na una kufuli. Mgongo kioo, juu kioo, chini bati la alumini. Hamna mbao, hamna plaiwudi, hamna MDF, hamna chipubodi hata kipande, na hilo ndio sharti la kwanza, na ndio lililotufanya tubishane na fundi maana kwake yeye kabati lisilo na ubao mgongoni halijakamilika, ananiambia bosi tukiweka MDF nyeupe nyuma litapendeza na bei itashuka. Ni kweli litapendeza na bei itashuka. Kwa duka la simu ningemwambia weka. Kwa askari wa risasi nilikataa, na ngoja nieleze kwanini, maana hapa ndio kiini cha habari nzima.

Askari wengi wa zamani wa Uingereza walitoka kwa William Britain wa London, ambao mwaka 1893 walikuja na mtindo wa kumimina risasi iliyoyeyuka kwenye kalibu alafu kuigeuza haraka imwagike kabla haijaganda yote, likabaki ganda jembamba la mtu, ndani tupu. Malighafi kidogo, uzito mdogo, bei ya chini, ndio maana wakawasumbua sana Wajerumani waliokuwa wanauza wale wa kujaa. Ganda lenyewe ni risasi iliyochanganywa na antimoni na bati kidogo, na juu yake rangi ya mafuta inayong'aa. Waliendelea na risasi mpaka 1966 ndio wakaacha kwa sababu za usalama wa watoto. Kwenye orodha yao kuna seti namba 225, King's African Rifles, yaani Keya wetu, jeshi la Mwingereza la Afrika Mashariki enzi za ukoloni, wanatembea bunduki begani na tarabushi kichwani, na hao ndio walionivuta mimi kwenye mambo haya, babu mzaa mama alikuwa Keya, alifika Burma na divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, ile iliyovuka mto Chindwin mwisho wa 1944. Anayepita mtaa wa Samora hapa Dar, pale kwenye mnara wa Askari anaona askari wa shaba nyeusi amesimama juani na mvuani tangu 1927 na bado yupo imara. Askari wa risasi hana ubavu huo. Yeye anaweza kuharibika akiwa ndani ya nyumba, kivulini, kwenye boksi zuri, bila mtu kumgusa.

Kinachomuua ni mvuke wa asidi, hasa ile asidi iliyoko kwenye siki na ile nyingine ya fomiki. Zikimfikia hewani, pamoja na unyevu na hewa ya ukaa, ile tunayoitoa puani, uso wa risasi unageuka unga mweupe wa kijivujivu. Unga unachukua nafasi kubwa kuliko risasi iliyoliwa, kwa hiyo unavimba chini ya rangi, rangi inanyanyuka, inapasuka, inabanduka kipande kipande, na kwa vile ganda lenyewe ni jembamba basi mguu au bunduki inakatika. Ubaya wake zaidi ni kwamba asidi haiishi kwenye kazi hiyo, ikishaigeuza risasi kuwa unga inaachiwa tena inaenda kula sehemu nyingine. Zamani Ulaya viwanda vya rangi vilikuwa vinafanya hivi kwa makusudi, wanapanga vipande vya risasi juu ya vyungu vya siki, wanazungushia samadi ili joto lipande, wanafunga chumba, baada ya wiki kadhaa wanafungua wanakuta unga mweupe wa kutengenezea rangi. Sasa chukua kabati la mbao lililofungwa vizuri, liweke Dar mwezi wa pili, joto lile na unyevu ule, utaona kwamba vitu vyote vilivyokuwa kwenye kile chumba vipo.

Maana mbao zinatoa huo mvuke. Zote. Zinazidiana kiasi tu, na mwaloni wa Ulaya ndio unaotajwa kuwa mbaya kabisa, lakini hamna mbao iliyo salama kabisa kwa risasi, na joto na unyevu vinaongeza kasi. MDF na chipubodi na plaiwudi mara nyingi zina gundi ya fomaldihaidi ambayo nayo inaleta asidi ya fomiki, kwa hiyo unapata mbili kwa pamoja. Vanishi haizuii, inapunguza kidogo tu, na vanishi mbichi nayo ina mvuke wake. Najua hii inauma kusikia, sisi watu wa pwani na mbao tumekua nazo, ukienda Keko ukaona kabati la mninga lilivyochongwa moyo unataka kununua papo hapo, na mi nawaheshimu sana wale mafundi. Lakini liwe la vitabu na vyombo. Askari wa risasi asiingie humo, na kama ameshaingia na huna kabati lingine kwa sasa, basi milango iache wazi kidogo hewa ipite, vumbi utalipiga brashi, bora vumbi kuliko mvuke uliofungiwa. Watu wengi hawalijui hili, wanadhani kadri kabati linavyofungwa kwa nguvu ndivyo askari wanavyokuwa salama. Inategemea kabati ni la nini. La mbao ukilifunga kabisa unawaangamiza. La kioo na alumini ukilifunga kabisa unawalinda.

Sharti la pili ni silikoni, na hili nalo ni la kusimamia mwenyewe ukiwa umesimama pale pale karakana, usiondoke ukasema utapigiwa simu. Silikoni ziko za aina mbili kubwa. Ile ya kawaida ambayo mafundi wengi wanatumia kwenye vioo na masinki ikiwa inakauka inanuka siki, na ile harufu sio ya bahati mbaya, ni asidi ya siki yenyewe inatoka. Yaani unakwepa mbao kwa gharama alafu fundi anakupakia siki kwenye kila kona ya kabati. Nyingine ni ya nyutro, haina harufu ya siki, inatoa vitu vingine visivyomsumbua askari namna hiyo. Ipo kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi, bei imechangamka kidogo, chupa imeandikwa neutral kwa Kiingereza kwa hiyo huwezi kukosea. Nilinunua mwenyewe nikampelekea fundi. Alafu hata hiyo ya nyutro usiweke askari siku hiyo hiyo, acha kabati wazi wiki kadhaa, milango wazi, feni ikipiga, mpaka ukiingiza pua ndani usisikie harufu yoyote. Sehemu nyingi za kabati langu fundi alitumia skrubu, ribiti na raba badala ya silikoni, na hapo ndio alinifurahisha, kazi imenyooka na hamna kitu kinachonuka.

Kwa anayetaka uhakika zaidi, makumbusho wana kipimo chao, kilianzishwa British Museum na Andrew Oddy mwaka 1973 na mpaka leo kinaitwa kwa jina lake. Wanachukua kipande cha nyenzo wanayoishuku, wanakiweka kwenye chupa pamoja na vipande vya fedha, shaba na risasi na maji kidogo, wanafunga, wanaweka kwenye joto la nyuzi 60 kwa siku 28, wanafungua wanaangalia metali ipi imechafuka. Nyumbani huwezi kufanya kwa usahihi ule lakini unaweza kuiga. Nenda kwa wavuvi au duka la nyavu, nunua chubwi za risasi, ikwangue moja mpaka ing'ae, ining'inize kwenye chupa ya jamu pamoja na kipande cha ubao au gundi au rangi au sponji unayotaka kuitumia, weka pamba yenye matone machache ya maji chini, funga, weka sehemu yenye joto. Chupa ya pili weka chubwi na maji tu bila kitu kingine ili upate cha kulinganisha. Baada ya mwezi zilinganishe. Chubwi ikitoa ukungu mweupe kwenye chupa ya kwanza na ya pili iko safi, nyenzo hiyo iache. Nimeipima silikoni ya siki kwa njia hii na chubwi yake ilikuwa imepauka vibaya, ya nyutro haikuwa na tofauti na ile ya maji matupu. Mikono oshe baada ya kushika risasi, na chupa hizo zisirudi jikoni.

Haya, vumbi. Kabati lenye mlango wa kuslaidi lina upenyo katikati ambapo vioo viwili vinapishana, na vumbi la Dar linapita hapo bila shida, na upepo wa bahari unakuja na chumvi. Ndio maana nasema chukua mlango wa bawaba wenye raba, hata kama fundi atakwambia wa kuslaidi ndio watu wanapenda. Vumbi sio uchafu wa macho tu, linashika unyevu na chumvi likakaa juu ya rangi, na kila unapolifuta linakwangua rangi kama msasa, hasa pua, ncha ya bunduki, masikio ya farasi, ukingo wa kitako (kile kisahani anachosimamia), sehemu zile zilizochomoza. Kwa hiyo kadri vumbi linavyoingia kidogo ndivyo unavyomgusa askari mara chache, na kumgusa mara chache ndio kinga yenyewe. Kwenye kabati hili tangu lifungwe nafuta nje tu, ndani napuliza kwa kile kipira cha mkono cha kusafishia lenzi za kamera, na mara moja moja brashi laini kabisa ya mekapu, mpya, isiyoguswa na poda. Zile kopo za hewa ya kompyuta usitumie, zinaweza kurusha gesi ya baridi ya majimaji juu ya rangi. Na maji usithubutu, hawa wa Britains ndani ni watupu na wana vitundu, maji yakiingia hayatoki.

Unyevu nao. Huku pwani nje unyevu wa hewa asilimia 70 hadi 80 na ushee ni jambo la kawaida, na kwa risasi tunataka chini ya 50 kama inawezekana. Nimeweka kipimo kidogo cha unyevu ndani, vile vya dijitali vinauzwa bei rahisi Kariakoo, na nimeweka trei ya silika jeli kwenye sehemu ya chini niliyomwambia fundi aitengeneze, sentimita 8 hivi, imefichwa na kipande cha alumini chenye matundu. Hii ndio sehemu ya kabati ninayoipenda kuliko zote. Silika unayoiona ikibadilika rangi ndio nzuri, chukua ile ya machungwa inayogeuka kijani, ile ya bluu inayogeuka pinki ina kobalti na sio ya kuchezea ndani ya nyumba yenye watoto. Ikishashiba unaikausha kwenye oveni nyuzi 110 au 120 masaa kadhaa, inarudi kazini. Kabla ya raba kukaa vizuri silika ilikuwa inashiba haraka mno, tulivyobadilisha raba ya mlango ikawa inakaa muda mrefu, na kipimo cha ndani kinacheza kwenye arobaini na kitu mpaka hamsini hata masika. Karibu na silika naweka kifuko cha mkaa ulioamilishwa, ule wa kusafishia maji ya samaki, unanyonya mvuke wa asidi kama kuna sehemu umebaki. Msichukue mkaa wa jiko jamani, una vumbi na hauna nguvu hiyo.

Mwanga. Kabati la vioo pande zote ni zuri kwa macho lakini ni baya ukiliweka mbele ya dirisha, na hapa kabati lenyewe halina cha kukusaidia. Kioo cha kawaida kinazuia sehemu ya mionzi ya jua ila ile ya UVA inapita, na hata mwanga tunaouona kwa macho nao unafifisha rangi taratibu, na kilichofifia hakirudi. Makumbusho kwa vitu dhaifu kabisa kama nguo na michoro ya rangi za maji wanakaa kwenye laksi 50 (laksi ni kipimo cha mwanga), ni mwanga hafifu kweli, mtu akiingia kutoka nje anaona kama giza. Rangi za hawa askari ni za mafuta, zina nguvu zaidi, lakini zile nyekundu za majoho na tarabushi sizitegemei kabisa. Langu liko ukuta wa ndani ambao jua haliufikii saa yoyote, na dirisha la chumba hicho nimepeleka watu wa tinti za magari wakabandika ile filamu isiyo na rangi inayozuia UV. Taa ni LED, mkanda mmoja tu juu ya kioo, nje ya kabati, na transfoma yake iko ukutani. Taa ukiziweka ndani zinapasha joto, joto linashusha na kupandisha unyevu kila ukiwasha na kuzima, rangi inatanuka na kusinyaa. Na ukitoka chumbani zima.

Kuna kitu kingine ambacho kwa mazingira yetu ni kikubwa, mtikisiko. Nakaa karibu na barabara ya malori, na shelfu ya kioo ni telezi, askari wenye vitako vidogo wanasogea kidogo kidogo mpaka wanafika ukingoni. Suluhisho lililonifaa ni kukata perspeksi, ile plastiki ngumu inayoona kama kioo, ya milimita 3 kwa watu wa mabango, inalala juu ya shelfu ya kioo, na ukingo wa mbele wamenikunjia kwa joto sentimita moja kwenda juu, kwa hiyo askari hata akisogea anagota. Perspeksi ina umeme wa msuguano, inavuta vumbi, ila ndani ya kabati lililofungwa sijaona shida. Wale wa farasi wazito nawashikisha kwa nta ya makumbusho, ile laini wanayoshikilia vitu visianguke, kidogo sana chini ya kitako, sio kile kibandiko cha bluu cha kubandikia mabango ukutani, kile kikikaa muda mrefu kinaacha mafuta na kinang'oa rangi ya kitako. Wasigusane pia. Bunduki ya mmoja ikigonga bega la mwenzake kila lori likipita, baada ya muda bega halina rangi.

Wa plastiki wana mambo yao. Airfix wale wadogo ni plastiki laini ya polithini, rangi haishiki vizuri tangu mwanzo, ukimkunja mkono inaruka, kwa hao kabati lolote lisilo na jua linatosha ila usiwashikeshike. Wa PVC wanatoa mafuta na kuanza kunata, hao wasilaliane na wasiwekwe juu ya plastiki nyingine moja kwa moja, kioo ndio kizuri. Elastolin wa Ujerumani, wale wa unga wa mbao na gundi wenye waya ndani, kwa pwani ni mtihani, unyevu unaingia, waya unashika kutu, unavimba, mwili unapasuka. Silika kwao ni ya lazima kuliko hata kwa wa risasi.

Nao ambao hawaonyeshwi? Nilitaka kuwaweka kwenye maboksi yao ya asili, yale mekundu ya Britains, lakini karatasi ngumu ya zamani ina asidi ile ile tunayoikimbia. Boksi lina thamani yake kwa mkusanyaji, lihifadhi, ila tupu, kwenye kabati jingine. Askari wanalala kwenye vyombo vya plastiki vyenye alama ya namba 5 chini, polipropilini, hivi vya chakula vyenye mfuniko, mmoja mmoja amefungwa kipande cha kitambaa cha marekani kilichofuliwa mara kadhaa kikaoshwa maji matupu mpaka povu na harufu ya sabuni viishe. Karatasi isiyo na asidi ndio bora, anayeweza kuagizia aagizie. Gazeti hapana. Sponji ya godoro hapana kabisa, ile ikizeeka inameguka inakuwa kama ugoro na inaganda kwenye rangi, hutoi tena. Nailoni ya mapovu isiguse rangi moja kwa moja maana inaacha alama za duara, ikae nje ya kitambaa.

Ndugu walioko Ulaya wanauliza mbona hatuagizi Detolf, kabati la vioo la IKEA, wale wauza samani wa Sweden. Detolf lilikuwa kabati zuri kwa bei yake, sentimita 43 kwa 37 na kimo cha 163, vioo pande zote, wakusanyaji dunia nzima walilipenda mpaka leo linatafutwa ingawa IKEA wameacha kulitengeneza wakaleta Blåliden. Lakini lilikuwa na nafasi kati ya mlango na vioo, wenyewe wanabandika mikanda ya plastiki kuziba, na chini na juu yake ni ubao wa chipubodi. Ukishaliziba vizuri ule ubao unabaki ndani na askari. Kwa wanasesere wa plastiki wa kisasa na magari madogo sawa kabisa, na hata kwa askari wapya wa King & Country au hawa wa kisasa wa W. Britain, ambao mseto wao una bati zaidi, hatari inapungua. Kwa wa risasi wa kabla ya 1966 ningechagua la fundi wa hapa hapa, kwa sababu moja tu, la fundi unaweza kumwambia atoe ubao.

Mbona nyota nne na sio tano? Kufuli ni jepesi, mtoto wa darasa la pili analifungua kwa kijiti, na hili sio dogo maana risasi ni sumu na ule unga mweupe ni sumu zaidi, kabati lenye askari wa zamani lazima lifungwe kweli. Mi nimeongeza komeo juu. Pili kona za fremu hazikukatwa nyuzi 45 sawasawa, zilibaki nyufa za kupitisha karatasi, ikabidi zizibwe. Tatu kioo chetu cha kawaida kina ukijanikijani, kwenye shelfu nne ukitazama kutoka juu unaona nyekundu imepoa, ukipata kioo cheupe kisicho na chuma lipia. Nne shelfu hazikuwa za kupikwa kwa joto, zikivunjika zinatoa visu. Ni mapungufu ya kurekebishika, lakini ya pesa nyingine.

Bei, nililipa chini kidogo ya laki tano pamoja na usafiri, bila taa, silika wala perspeksi. Kabati la ubao la kimo hicho ungepata kwa pungufu ya hapo. Ukipiga hesabu ya seti moja ya Keya iliyo na wote wanane na rangi yao ya kwanza, na ugumu wa kuipata nyingine, mi naona kabati ni rahisi.

Kama una askari ambaye ameshaanza kutoa unga, mtenge kwenye chombo chake sio kwa sababu anaambukiza, haambukizi, ila kwa sababu alikuwa kwenye hewa ile ile na wenzake, kwa hiyo wakague wote miguuni na kwenye tundu la chini, unga unaanzia hapo mara nyingi. Tofautisha na kuvu wa kawaida, kuvu ana manyoya na hukaa juu ya rangi, huu unatoka chini ya rangi na ni mgumu kama chokaa. Usiupulize, usiukwangue mezani kwa kulia chakula, na usimpake vanishi ukidhani unamfunika, unaufungia ndani na thamani yake unaiondoa. Kumtoa kwenye mbao na kumpeleka kwenye hewa safi na kavu kunausimamisha.

Ukienda kwa fundi mwambie mapema kabla hajakata: mgongo kioo, chini alumini, hamna ubao, silikoni ya nyutro nakuletea mimi, mlango wa bawaba na raba pande nne, trei ya chini sentimita 8, kufuli la maana. Andikishianeni, piga picha ya karatasi, toa nusu, nusu nyingine ukishaingiza pua ndani ukakuta halinuki. Na wakati wa kusafirisha shelfu zitolewe zibebwe peke yake zimesimama, sio zimelala.